Shimo Mbele ya Mlango wa Mama

Lori la kampuni ya sabuni lilifunga breki katikati ya soko la Newala, vumbi jekundu likamwangukia Lois pamoja na sinia lake la korosho za kukaanga. Alikuwa hajamaliza kupangusa uso aliposhuka kijana mrefu, suruali ya bugaluu inafagia chini, shati jeupe limeandikwa jina la kampuni mgongoni.

"Dada, habari ya saa hizi? Naomba maji."

Lois akamchotea kikombe kutoka kwenye debe lake.

"Hicho kidogo. Naomba yote."

Kabla hajajibiwa, kijana alikwishalinyanyua debe, akapanda nalo juu ya lori na kuyamimina maji kwenye miche ya miti iliyolegea kwa jua. Soko zima likageuka kutazama.

"We kaka!" Lois aliinuka, kanga ya kiunoni ikataka kumdondoka. "Unajua maji hayo yametoka wapi?"

"Bombani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja alijishika mbavu. "Bombani, eti! Huyu kaanguka kutoka wapi?"

"Kibosho, Moshi. Naitwa Modest."

"Basi, Modest wa Kibosho," Lois akasema, "huko kwenu labda maji yanapita mlangoni. Hapa Newala yanapanda mlima juu ya kichwa cha mwanamke. Kesho alfajiri utashuka nami bondeni, unijazie debe langu."

Alisema kwa hasira tu. Kesho yake alfajiri akamkuta Modest njiapanda, kasimama na debe jipya.

Kupanda mlima ndiko kulikomwadhibu. Maji yalimruka usoni, yakamwingia kwenye kola, na bugaluu ikageuka tope hadi magotini.

"Jamani, huyu anayelowa ni wa nani?" akina mama wakauliza.

"Hana mwenyewe," Lois alijibu, akitazama mbele.

"Nitafutieni basi," Modest akasema huku anahema, na kicheko kikashuka hadi bondeni.

Tangu hapo alikuwa akishuka nao kila alfajiri kabla ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuotesha miti. Watu walikuwa wamehamishiwa katika kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi, lakini hapakuwa na kivuli hata cha kumlaza mtoto. Kampuni ikatoa miche ya mijohoro, ikatoa majembe, ikasimamisha barabarani ubao mkubwa uliochorwa povu la sabuni. Wanakijiji walichimba mashimo kwa zamu. Siku nyingine mabomu yalinguruma ng'ambo ya Ruvuma, kwenye vita vya Msumbiji, majembe yakasimama hewani, watu wakatazamana, kisha wakaendelea kuchimba.

"Lois wangu, mbona njia nzima hunitazami?" Modest alimwuliza alfajiri moja.

"Nikikutazama nitamwaga maji."

"Yamwage. Nitakurudisha bondeni."

"Ndicho unachotaka."

"Ndicho."

Siku ya kupanda miti majumbani, Modest alifika kwa akina Lois na mche mmoja mzuri kuliko yote. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaipita nafasi ya uani, akaja kuchimba mbele ya mlango. Mama Lois alimtazama kwa muda mrefu.

"Hapo umepachagua mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Hapa ndipo panaponifaa."

Mama akaingia ndani kukamata kuku. Modest alikula paja la kuku yule akisifu ukarimu wa watu wa kusini, na hakujua hata kidogo alichokuwa amesema. Kwao Lois mwanamume ndiye anayehamia kwao mke, na ukoo wa mama yake ulikuwa na desturi yake: anayetaka kubaki hupanda mti mbele ya mlango wa mama wa binti. Hatumi mshenga kwanza. Mti unatosha.

Lois alikuwa mtu wa kutazama zaidi ya kusema. Angemwuliza tu, unajua ulichofanya? Lakini furaha ilimjaa mdomoni, akaogopa kuufungua.

Jua likazidi. Miche ya barabarani ikakauka yote chini ya ule ubao, kwa kuwa hapakuwa na wa kuibebea maji. Ikabaki ya majumbani, iliyokunywa maji ya kuoshea vyombo. Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa wa kampuni anakuja na mpiga picha. Amri ikatoka: mizuri ing'olewe majumbani, ipandwe penye ubao.

Lois alirudi kutoka bondeni akakuta shimo.

Mama yake alikuwa amekaa karibu nalo, kashika tama. "Amekuja huku anacheka. Kasema nikwambie mti wako umekuwa wa kwanza, kauweka chini kabisa ya ubao, utapigwa picha."

Mjomba Barnaba, kaka yake mama na mwenye kauli katika nyumba ile, hakuchelewa kufika. "Alipanda mchana, kang'oa mchana. Tumeona sote. Fukieni. Wapo wengine wanaomwulizia huyu binti."

"Mjomba, naomba uliache mpaka mvua."

Barnaba alimpenda mpwa wake. Akakuna kidevu. "Mvua ya kwanza. Ikinyesha, nalifukia kwa mkono wangu."

Jioni ile mabomu yalisikika karibu kuliko siku zote. Picha zilikuwa zimeshapigwa. Kampuni ikaona Newala iko karibu mno na mto, ikawaamuru watu wake wahamie Masasi mara moja. Modest alikuja mbio kuaga. Lois alikuwa jikoni, anachungulia kwenye ufa wa ukuta. Aliiona ile bugaluu ikilizunguka shimo mara huku, mara kule, mwenyewe anaita "Lois! Lois!" wala hainami kulitazama shimo. Hilo ndilo lililomuuma. Hakutoka.

Lori likaondoka.

Salamu za Modest zilikuja na madereva kutoka Masasi. Lois alizisikiliza na hakurudisha hata moja. Lakini kila alfajiri, akipanda kutoka bondeni, aliipinda njia hadi kwenye ubao wa sabuni. Mijohoro mingine ilikuwa vijiti. Mmoja tu aliupa maji, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa.

"Debe lako siku hizi linafika pungufu," mama yake alisema.

"Linavuja, mama."

"Litazibika?"

"Sijui."

Siku moja Hilary wa posta akamwita. Masasi wako kwenye laini. Watu waliopanga foleni ya stempu wakasogea, masikio yamesimama.

"Lois! Lois wangu, unanisikia?"

Lois aliubana mkono wa simu sikioni. "Nakusikia."

"Nimekukosea nini, mpenzi? Niambie nitubu!"

"Uliung'oa."

"Niling'oa nini?"

"Mti. Mbele ya mlango wa mama."

"Niliuweka pazuri zaidi!"

Mama mmoja kwenye foleni akasonya. "Mwambie, mwanangu! Huyo hajui!"

Lois akageukia ukuta. "Modest, kwetu mwanamume akipanda mti pale, ameomba kubaki. Akiung'oa, ameondoka. Shimo liko wazi mpaka mvua ya kwanza. Mimi..."

Laini ikakatika. Hilary alizungusha, akaita, akatikisa kichwa. Lois akarudi nyumbani bila kujua alichojibiwa, au kama alijibiwa.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Masasi. Barnaba alilitia jembe lake mpini mpya.

Alfajiri moja upepo ulinuka udongo mbichi. Lois alipanda mlima mbio na debe lake, akafika penye ubao, akasimama kama aliyepigwa. Chini ya povu la sabuni palikuwa na shimo. Hata ule mmoja.

Hakulia. Aliona udongo mbichi umedondoka njiani, bonge kwa bonge, unaelekea kijijini. Akaufuata. Ulipita nyumba ya kwanza, ukapita kisima kikavu, ukaishia mbele ya mlango wa mama yake.

Modest alikuwa amepiga magoti kwenye shimo, mti kaukumbatia na udongo wake. Barnaba amekaa kwenye kigoda, jembe mapajani. Mama kasimama mlangoni.

"Nimekuta mmoja tu mbichi," Modest alisema. "Nikajua ni nani anayeunywesha."

"Safari hii unajua unachofanya?" Lois akauliza.

"Najua. Nilikusikia kwenye simu."

"Sema, mjomba asikie."

"Naomba kubaki."

"Na kampuni?"

"Ina ubao wake."

"Na kihamba cha baba yako, lile shamba la Kibosho?"

Modest akausimamisha mti wima shimoni. "Kina wadogo zangu. Nitakikumbuka, Lois. Sikudanganyi. Lakini nitakikumbukia hapa."

Tone la kwanza la mvua likagonga bati la jirani. Barnaba akainuka na jembe lake. Mzee akalisogelea shimo, akaanza kuurudisha udongo kwenye mizizi, polepole, akiushindilia kwa mguu.

"Si nilisema nitalifukia mwenyewe?" akanung'unika. "Haya, maji."

"Mvua hiyo inakuja, mjomba," Modest akasema.

"Nyamaza, wewe," Lois akasema. Akalishusha debe kichwani, akainama karibu yake, akamwaga yote.