Barrette ya Ntabaza

Ikala chini, zima ile radio, usikilize. Ilikuwa ile mwaka vita ilirudi Bukavu, batu bakavuka mpaka na magodoro kichwani. Hapa Kamembe, upande wa Rwanda, Valens, jirani yetu, alikuwa na shida yake ingine: ordinateur, ile kompyuta yake.

Ilikuwa ya zamani, caisse, lile sanduku yake, ya manjano kama meno ya mzee wa tumbaku. Ukiweka mchezo ya magari, inakwama kwa kona ya kwanza. Na Nsengiyumva, mwenye sale ya michezo ya ordinateur karibu na gare ya mabasi, alikuwa amesema: Alhamisi, mwenye ataleta mashini yenye haikwame, njo atapata kazi ya kuchunga sale. Valens alikuwa anabeba mifuko sokoni. Alizarau mifuko, alizarau soko, alizarau hata benye kununua. "Miye si muntu wa mgongo," alikuwa anasema, "miye ni muntu wa kichwa." Kichwa yenyewe iliacha masomo mwaka ya tatu.

Jumanne asubui, Feza alivuka kutoka Bukavu na beseni ya sambaza. Chini ya samaki alificha barrette, kile kipande ya mémoire ya ordinateur. Ukiiongeza, mashini inakuwa nyepesi. Ilikuwa ya kaka yake Ntabaza. Siku ya masasi alitoka na gari yake nyeupe kutafuta petroli, hakurudi. Hata maiti habakuona.

"Ninauzisha juu batoto habajakula," Feza akasema. "Lakini usiichomeke mbele ya Ijumaa. Njo siku tutaondoa matanga. Maman angali analala chini. Kitu ya marehemu haitumike wakati bado tunamulilia."

Valens akacheka. "Dada, barrette haina roho. Ukikata courant ya umeme, inasahau yote. Iko na akili kuliko nyinyi. Miezi mbili munalia tu."

Akamulipa nusu ya bei. Sambaza akachota ya bure.

Feza hakufika hata barabarani, Valens alikuwa amekwisha kuichomeka. Mchezo ikaenda kama maji. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapiga miluzi.

Halafu akaona gari nyeupe mbele yake.

Na alikuwa amechagua kukimbia peke yake, bila gari ingine. Gari ilikuwa na taa moja tu. Ikafika kwa daraja, ikasimama. Akaanza mchezo upya. Ikasimama kabla ya daraja. Akaanza tena. Ikasimama karibu naye.

Akachomoa waya ya courant.

Ekran ya mashini haikuzima.

Gari ikageuka polepole. Ikamuangalia. Chini yake zikatoka herufi:

BAMEMALIZA KUNILILIA?

Akasukuma kiti nyuma. Lakini akawaza Alhamisi. Akawaza mifuko. Akafyonya. "Hata benye kufa banasumbua batu ba kazi." Akaandika: EEE.

Gari ikapotea. Ekran ikazima.

Alhamisi, moto, ile pikipiki ya kukodi, ilikuwa inangoja mulangoni kubeba caisse. Feza akaingia, hana beseni, miguu ya vumbi.

"Uliichomeka?" akanongona.

"Dada, niko na haraka."

"Jumanne ile nilikuta Maman amekunja mkeka. Anapika, anaimba. Nikamuambia, Maman, tumuombee Ntabaza. Akaniuliza, Ntabaza ni nani? Jana hata batoto bakamusahau, nimebaki miye tu."

Valens alitaka kucheka. Kicheko haikuja. Akafungua caisse, ikatoka harufu ya petroli. Akachomoa barrette, akaiweka mu kiganja ya Feza.

"Chukua kitu yenu. Ikwishe."

Akawasha. Mashini ikahesabu mémoire kama kawaida. Ikahesabu barrette mbili. Ndani mulikuwa moja.

Gari ikatoka. Taa moja. Na herufi zile zile, zinangoja jibu.

Kule inje dereva wa moto akapiga honi. Nyuma ya Valens, Feza alikuwa anageuza barrette mu kiganja, anaiangalia kama kitu alichookota njiani.

"Valens," akasema polepole, "hii ni ya nani?"

Valens akiandika eee, gari inapotea, anapata kazi, na mu hii dunia yote ni yeye peke yake atabaki anajua kama Ntabaza aliishi. Akiandika hapana, gari inarudi kutafuta nyumba yenye bado inalia. Na nyumba moja tu yenye bado inamujua Ntabaza ni hii yake. Vidole viko juu ya vibonyezo vya clavier.

Wewe ungeandika nini?