Nyumba Iliyozibwa kwa Vitambaa

Harufu ilianza mara tu mtungi mpya wa gesi ulipounganishwa na jiko. Mayai viza yalinuka jikoni, na nyumba nzima haikuwa na yai hata moja. Fundi cherehani alipoinama karibu na jiko, akasikia mtu akipumua. Ssss. Akarudi kinyumenyume.

"Mama, jikoni kuna mtu," alimnong'oneza mama mkwe wake.

"Si mtu huyo, mwanangu. Usimtaje."

Bibi huyu hata upepo ukibamiza mlango humsingizia jini. Akaagiza nyumba izibwe, kiumbe asitoroke kabla mganga aliyemwita hajafika. Fundi akasokomeza mabaki ya vitambaa vyake chini ya milango na kwenye kila upenyo wa dirisha. Kazi ya fundi huijui? Hata sisimizi asingepenya.

Wakakaa ndani wakingoja, vichwa vikiwagonga. Fundi akajaribu kumwamsha mwanawe aliyelala mkekani, sakafuni. Hakuamka.

"Mama, mwanangu ana nini? Mama!"

Akamtikisa, shingo ikalegea, akamwita kwa jina la utani ambalo siku zote humchekesha, akampuliza usoni, akamwomba Mungu na hapo hapo akamgombeza mtoto kwa kumtia hofu, na wakati wote huo ile pumzi ya jikoni ilizidi kusogea.

Mlango ukagongwa. "Nifungulieni!" mganga aliita. "Nimekuja na chetezo, makaa yamekolea!"

"Mfungulie," sauti laini ikasema kutoka jikoni. "Aingie na moto wake."

Fundi akaelewa. Kumbe kiumbe wa jikoni alikuwa akingoja moto! Muuza gesi aliyeleta mtungi alikuwa amewaambia: mkisikia harufu, fungeni mtungi, fungueni madirisha, msiguse hata swichi ya taa. Wao wakajizibia kaburi.

"Ondoka na huo moto! Nenda mbali!" alipiga kelele.

Akabana pumzi, akaingia jikoni, akakaza koki ya mtungi huku kitu baridi kikimshika kifundo cha mkono. Akajing'oa. Akararua vitambaa, akafungua madirisha na milango, akambeba mtoto, akamburuta bibi hadi ng'ambo ya barabara.

Mtoto akakohoa. Akalia. Fundi naye akalia kwa sauti, bila haya.

"Tumetoka wote?" bibi aliuliza.

"Wote, mama."

Ndani ya nyumba, njiti ya kiberiti ikakwaruzwa. Haikushika.

"Kimbieni," fundi alisema, akimkumbatia mtoto kifuani.

Ikakwaruzwa ya pili.