Lenzi Isiyoacha Mtu Nje

Jua lilikuwa linazama mpiga picha alipoingia kwenye duka la vyombo vya mtumba, kamera yake kubwa ya mbao begani, akitafuta lenzi pana. Mama mkwe wake ndiye aliyemwelekeza hapo. Tangu wamzike mkewe, bibi huyo alikuwa na neno moja tu: "Nataka picha ya wote, mkwe wangu. Asibaki mtu." Lakini sebule yake ilikuwa nyembamba kama utumbo. Mpiga picha alikuwa amejaribu kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na bado lenzi yake ilikata nusu ya ukoo.

Muuzaji, mzee mkavu asiyepepesa macho, alimtolea lenzi tatu.

Ya kwanza, mwanga wake haukulifikia bamba lote la filamu. Pembe zilibaki nyeusi.

"Hiyo itakumezea mashangazi wa kando," mzee alisema.

Ya pili ilifika kwenye pembe, ila iliwavuta watu wa pembeni, nyuso zikatanuka kama unga uliokandwa. Ya tatu ilikuwa ndogo, nzito na baridi. Ilinuka udongo mbichi.

Aliifunga kwenye kamera, akajifunika kitambaa cheusi, akatazama kioo cha ukungu kilicho nyuma. Kwenye kioo hicho kila kitu huja kimepinduliwa: kichwa chini, miguu juu, wa kushoto yuko kulia. Ndivyo mwanga unavyoingia ndani ya kamera. Mgeni hupata kizunguzungu. Yeye alikuwa na kazi hiyo tangu ujana wake. Akili iligeuza pande bila kuulizwa, kama mkono usivyokosa mdomo gizani.

Duka zima lilikuwemo. Mpaka kona ya mwisho.

"Hii itafaa," akasema.

"Hiyo haiachi mtu nje." Mzee alishusha sauti. "Nani amekutuma?"

"Mama mkwe."

Mzee akacheka bila kutoa sauti. "Basi ameshakuchagulia. Nenda."

Sebuleni walikuwa wamejipanga tayari, taa zote zimewashwa. Mashemeji nyuma, mashangazi kwenye viti, bibi katikati na mikono mapajani. Mwisho wa safu, upande wa kushoto, alikaa binti wa pekee wa mpiga picha. Walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na mlango. Tangu mama yake afariki, makelele ya mtoto huyo ndiyo yaliyomwamsha baba yake asubuhi na kumfanya ale. Bila hayo, angekuwa amelala kando ya mkewe zamani.

"Shemeji, hilo jeneza lako litatutosha?" aliuliza kaka wa marehemu, akiionyesha ile kamera ya mbao.

"Wewe ndiye wa kwanza kulipima," shangazi mmoja akamjibu. Wakacheka.

"Baba, nikipepesa macho nitatoka na macho manne?" Chiriku aliuliza.

"Utatoka kama bundi. Tulia, mama."

Akaingia chini ya kitambaa.

Walikuwepo wote, wakining'inia vichwa chini kama kawaida. Akaanza kurekebisha lenzi, polepole, ili nyuso zitulie.

Ndipo harufu ya udongo ilipomjia puani.

Kwenye ukingo wa kulia wa kioo, palikuwa na mtu mwingine.

Alikuwa mkewe.

Alivaa sanda aliyozikwa nayo. Alikuwa amekonda. Lakini hakuning'inia kama wengine... Alisimama kwa miguu yake.

Moyo wa mpiga picha uliruka kwa furaha, Mungu amsamehe. Alitaka kumwita. Kisha akamwona anavyofanya. Mkono ulikuwa umenyooshwa, vidole vinakunjuka na kukunjika, vinakunjuka na kukunjika, kama alivyokuwa akimwita mtoto aingie ndani kuoga.

Akatoa kichwa nje. Sebule ilikuwa ileile. Mwisho wa safu hapakuwa na aliyesimama.

Akarudi chini ya kitambaa. Bado alikuwepo, kulia mwa kioo. Kulia mwa kioo ni kushoto mwa chumba. Na kushoto ndiko alikokaa Chiriku.

"Chiriku, mama," alinong'ona, "njoo huku. Hamia mwisho wa upande ule mwingine."

"Kwa nini, baba? Nimeshakaa vizuri."

"Njoo tu."

Mtoto akabeba kiti chake, akavuka mbele ya watu wote, akakaa mwisho wa kulia. Bibi alimfuata kwa macho.

Mpiga picha akachomeka bamba la filamu. Bamba likishaingia, kioo huzibwa, na mpigaji haoni tena. Akamtaja Mungu. Akaondoa kifuniko cha lenzi.

"Msitikisike..."

Taa zikavuma. Mahali fulani kitambaa kizito kiliburuzwa sakafuni.

Akarudisha kifuniko.

"Tayari."

Watu wakashusha pumzi, wakajinyoosha, wakaanza utani wao. Chiriku alibaki kitini. Mgongo wima, mikono magotini, macho wazi.

"Umetulia vizuri, mama. Inuka sasa."

Hakuinuka.

Alipomgusa shavu, lilikuwa baridi kama ile lenzi.

Walimzika kando ya mama yake. Baada ya mazishi, mpiga picha alijifungia chumbani akasafisha filamu. Alipotoa picha na kuishika vizuri, ukoo wote ulikuwa wima, kila uso safi. Kiti cha Chiriku kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa mwisho mwingine wa safu, ameshikwa mkono na mama yake. Wote wawili walining'inia, miguu darini.

Ndipo alipoelewa, akakaa chini.

Mwanga huwapindua walio hai. Mkewe hakuletwa na mwanga; ndiyo maana picha ilipogeuzwa ili walio hai wawe wima, yeye na mtoto ndio waliopinduka, kichwa na upande. Kama kwenye kioo hakupinduliwa kichwa chini, basi hata upande hakubadilishwa. Kulia alikoonekana, kulia mwa chumba ndiko alikosimama. Kushoto mtoto alikuwa salama. Baba yake ndiye aliyemwita, akamvusha, akamkalisha mikononi mwa marehemu. Kwa mazoea tu.

Akaibeba picha mpaka kwa mama mkwe.

"Mama, ulijua?"

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Akafuta vumbi lisilokuwepo.

"Mwanangu alikuwa akinijia kila usiku, analia upweke. Nilikuambia nataka wote."

"Chiriku alikuwa mtoto wangu."

"Na yule alikuwa wangu."

Akapanda juu ya kigoda, akaitundika picha ukutani. Aliitundika kichwa chini. Sasa mama na binti walisimama kwa miguu yao, wameshikana mikono. Mashangazi, mashemeji na bibi mwenyewe ndio walioning'inia.

"Igeuze, mama. Hao ni watu hai, wana watoto."

"Iache."

Katika chumba cha pili, shemeji aliyetania jeneza alianza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu, na hakikukoma.

"Kizunguzungu," alisikika akisema. "Dada, nishike. Naona nyumba inapinduka."

Mpiga picha alinyoosha mkono kuitoa ile picha. Bibi akamshika kiganja, kwa upole kabisa.

"Wewe usihangaike," alinong'ona. "Wewe humo. Mpiga picha hayumo pichani." Akamtazama kwa huruma, au kitu kilichofanana na huruma. "Lazima abaki mtu wa kutuzika."