Sauti Aliyoigawa Masele

Ndugu zangu, asubuhi nyumbani kwa Masele, kule Binza, ilikuwa na raha yake. Mkewe Specioza alifagia uwanja huku akiimba nyimbo alizotunga mwenyewe, na wapita njia walisikiliza kwanza ndipo watoe salamu yao ya asubuhi, mwangaluka.

Masele alimpenda mkewe, hilo nisimnyime. Ila alipenda zaidi kusifiwa. Mtu akija kuomba Specioza akaimbe harusini, Masele ndiye aliyejibu: "Mchukueni, ni mtoto wenu. Hatuuzi sauti sisi." Alishikwa mkono na kuitwa mkarimu, akatembea mabega juu wiki nzima. Specioza alirudi kachoka, shamba la pamba likimngoja.

Siku moja alisema, "Baba Nancy, mpishi analipwa, mpiga picha analipwa. Nami nipewe kidogo, nipate mtu wa kunisaidia palizi."

"Watu watatuonaje?" Masele akajibu, na maneno yakaishia hapo.

Mwaka jana koo lilianza kumwuma Specioza. Daktari mmoja mjini Bariadi alimwambia apumzishe sauti miezi mitatu. Lakini Masele alikwishaahidi kwamba mkewe ataimba harusini Mwamapalala, tena mbele ya wazee.

"Mara hii tu, Mama Nancy. Nitauweka wapi uso wangu?"

Specioza akaenda kuvaa. Aliimba tangu saa nane mpaka jua likazama. Na sisi, maana nami nilikuwepo, tulimwomba arudie. Masele aliiona mishipa ya shingo ya mkewe imesimama. Akageukia pembeni, akaendelea kupokea pongezi.

Kesho yake Specioza alifungua kinywa kumwita binti yao, ikatoka pumzi tupu. Mpaka leo anaongea kwa kunong'ona. Kuimba hawezi tena.

Masele alipiga magoti kumwomba msamaha.

"Nimekusamehe," alinong'ona mkewe. "Lakini hukuwahi kuniuliza mimi nataka nini. Hata siku moja."



FUNZO

Msanii akitaka kuimba bure, aimbe. Ni hiari yake. Akitaka malipo, alipwe kama fundi mwingine yeyote. Mume, ndugu au jirani asigawe jasho la mwenzake ili asifiwe yeye. Nasi tunaopenda vya bure tujiulize ni nani anayeumia. Mimi sikujiuliza.