Ubao wa Murinzi

Ndani ya ndege mlikuwa na harufu ya udongo mbichi, na Kibondo haikuwa imepata mvua kwa miezi miwili.

Niyibizi aliinusa mara tu alipofungua mlango, Jumatatu asubuhi. Ilikuwa harufu ya shimo refu lililochimbwa sasa hivi. Aliinua zulia, akachungulia chini ya viti, hakuona hata chembe ya tope. Rubani William alikuwa amesimama chini ya bawa, kofia mkononi, jasho likimtoka ingawa baridi ya asubuhi ilikuwa haijaondoka.

"Fundi, hii ndege yako inatetemeka."

"Ikiwa nzima ni ya tajiri, ikiugua ni yangu?"

William hakucheka. "Ikiwa chini ni shwari. Magurudumu yakiachana na ardhi tu, inaanza. Nikitua inanyamaza, kama mtoto aliyepewa ziwa."

Hapo Niyibizi akaacha utani. Ndege ile ndogo ya viti sita ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, naye alikuwa amekubali kwamba Ijumaa impeleke Divine Mwanza. Divine, binti pekee wa Niyibizi, alikuwa na miaka minne na alizaliwa na tundu kwenye moyo. Siku hizi hata akicheka midomo yake iligeuka zambarau. Wapasuaji wageni wangekaa Mwanza siku chache tu, na daktari alishasema kutwa nzima ndani ya basi mtoto hataiweza. Ndege isiporuka Ijumaa hii, hapakuwa na Ijumaa nyingine.

Alifanya kazi siku nzima. Alitoa plagi moja moja akazisugua. Alipima ncha za pangaboi la mbele kwa kamba, zikalingana. Alibonyeza mipira inayoshikilia injini, akakaza nati, akazungusha magurudumu akiyasikiliza. Kila kitu kilikuwa kizima. Jioni mkewe, Jeanne, alimletea chakula pale uwanjani, Divine akiwa mgongoni.

"Baba Divine, umeliona tatizo?"

"Bado."

"Utaliona. Wewe unasikia pikipiki ya jirani ikikohoa huko Murungu."

"Pikipiki huniambia inapoumwa. Hii inanificha."

Jumanne aliamua kupanda nayo. Njia yake ya kutafuta mtetemo ilikuwa ya kiganja: shika hapa, shika pale, fuata mahali unapozidi. Ndege ilikimbia, ng'ombe wakatimuliwa pembeni, magurudumu yakaachana na ardhi.

Ukaanza.

Niyibizi aliweka kiganja mbele, karibu na injini, na huko palikuwa patulivu, akashika ukuta wa ubavuni, pametulia pia, akajivuta nyuma akipapasa viti kimoja baada ya kingine huku ile harufu ya udongo ikizidi kumjaa puani, na kadiri alivyosogea ndivyo mtetemo ulivyozidi kupata mpangilio, mapigo matatu na kimya, mapigo matatu na kimya, kama mtu aliyefungiwa ndani akigonga kwa subira, mpaka vidole vyake vikafika kwenye ubao wa kulazia wagonjwa alioufunga yeye mwenyewe Jumamosi iliyopita kwa ajili ya safari ya Divine, na ubao ule ulikuwa wa moto kama mgongo wa mtu mwenye homa, na ulikuwa ukipumua.

"William," alinong'ona. "Tushuke."

"Umeona nini?"

"Tushuke, ndugu yangu. Usiniulize tukiwa huku juu."

Magurudumu yalipogusa ardhi, ubao ukanyamaza.

Alasiri ile aliufungua, akaufunga nyuma ya pikipiki, akaenda nao mpaka Makere kwa Felisiani, seremala aliyeuranda. Felisiani aliuona tu, akashusha macho.

"Huu mti uliutoa wapi?" Niyibizi aliuliza.

"Yewe! Si wewe uliyeniambia unataka mti mwepesi kuliko yote? Ukasema kwenye ndege kila kilo inapimwa? Mti mwepesi huku kwetu ni murinzi."

"Sikuuliza jina. Nimeuliza ulikosimama."

Felisiani alifuta mikono kwenye suruali. "Munanila. Kwenye ua wa kaburi la zamani. Wenyewe walihama, hakuna hata mmoja aliyebaki. Nilisema, nani ataulilia?"

Niyibizi alikaa chini. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi, kwa malezi ya kanisani, lakini hata kambini wanawake waliokuwa wakitafuta kuni waliuzunguka murinzi wenye maua mekundu wakaenda kukata mwingine. Huo ni mti unaopandwa kumlinda marehemu. Anayeukata amemvua mwenye kaburi nguo.

Asubuhi iliyofuata walikwenda Munanila na William, wakamchukua njiani Bibi Epifania, mjane aliyejua mambo hayo. William, mtu wa Tanga, alisoma dua tangu walipoondoka.

"Hili ni jini, Bibi," alisema.

"Ninyi mnaita jini, sisi tunaita mzimu. Lenyewe halijali jina." Epifania alilaza ubao kwenye kisiki, akaumwagia pombe ya ndizi, akaomba radhi kwa Kiha, sauti ya chini, kama anayembembeleza mgonjwa. Kisha akamgeukia Niyibizi. "Alizikwa alale. Ninyi mmemrusha angani. Anachotaka ni ardhi tu, basi. Sasa niambie kweli, mwanangu. Kuna mtu amewahi kulala juu ya ubao huu?"

Niyibizi alikumbuka siku alipotaka kupima urefu. Alikuwa amemlaza Divine juu yake, akachora mstari kwa penseli miguuni pake, na mtoto akasinzia palepale, hata wakamwacha alale mpaka saa nane.

"Kwa nini unauliza, Bibi?"

"Kwa sababu aliyelala hapo wamelala wawili. Huyo asipande juu angani, mpaka ndugu wa kaburi hili wapatikane, waje wamwombee."

Ndugu waliohama, nani angewatafuta? Na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Hakuna aliyelala," alisema Niyibizi.

Epifania alichimba shimo kando ya kisiki. Kisha akaufukia ubao.

Alhamisi ndege iliruka bila ubao, ikawa tulivu kama maji mtungini. William alishuka akimkumbatia Niyibizi. Ijumaa saa tatu asubuhi Jeanne alipanda, Divine akiwa mapajani, amevaa gauni lake la Krismasi. Mtoto alimpungia baba yake. Ndege ikapaa, ikawa ndogo juu ya vilima.

Niyibizi alibaki katikati ya uwanja na redio ya upepo mkononi.

"Ndege imetulia, fundi," sauti ya William ilisema. "Haitikisiki hata kidogo." Ikakatika, kisha ikarudi, safari hii kwa kunong'ona. "Niyibizi, mtoto ndiye anayetetemeka. Matatu, ananyamaza. Matatu, ananyamaza."

"Rudi! William, geuza!"

"Nageuza. Lakini anaongea, na sauti hii si ya mtoto, ni ya mzee, anasema *munsubize hasi, munsubize hasi*, ni nini hiyo? Mama yake anamshika, mtoto anamshinda nguvu, fundi, huyu mtoto mgonjwa amepata wapi nguvu hizi?"

*Nirudisheni chini.* Niyibizi aliyaelewa maneno hayo mara moja, akaibana redio sikioni. Redioni alimsikia Jeanne akilia, "Divine, achia mlango, mama, achia," kisha upepo mkubwa ukaingia, ukafunika kila kitu.

Ndege ilitokeza juu ya kilima, imelala upande, mlango wake ukining'inia wazi. Niyibizi aliiacha redio ianguke. Alianza kukimbia chini yake akivuka uwanja, akavuka mihogo ya watu, uso juu, mikono miwili ameitanua mbele, kama baba aliyemwambia mtoto mtini, ruka, nitakudaka.