Mabadiliko Matatu ya Hirut

Hirut huandika programu za kompyuta nyumbani kwao, mjini Dessie, Ethiopia. Kila alasiri mama yake, Askale, hukaanga kahawa na kuita majirani.

Siku hiyo Hirut hakuigusa kahawa. Zahanati ilikuwa imempigia simu. Mwezi wa kumi na tatu na wa mwisho katika kalenda ya Ethiopia, Pagumen, ungeanza kesho yake, na programu aliyowaandikia iliishia mwezi wa kumi na mbili. Watoto kumi na tisa wa kuchanjwa mwezi huo hawakuwemo kwenye orodha!

"Mtu wa Dessie kasahau Pagumen!" mama yake alicheka. "Mwezi wa siku tano tu umekushinda?"

"Dawa ninayo, mama. Niliiandika mwaka jana, kwenye programu ya hospitali."

Kila programu ina ghala linalokumbuka kila badiliko. Hirut aliunganisha ghala la hospitali na la zahanati. Yakaingia mabadiliko elfu mbili, na humo majina ya wagonjwa wa hospitali. Siri za watu! Hirut akashika kichwa.

Gashe Worku, jirani anayeshughulikia kompyuta za benki, aliweka kikombe chini.

"Ulitaka kijiko, ukahamisha nyumba nzima? Hujaituma popote?"

"Bado, Gashe."

"Afadhali. Rudisha ghala lilivyokuwa. Mabadiliko ya Pagumen ni mangapi?"

"Matatu."

"Toa hayo tu kwenye ghala la hospitali. Kila moja liwe faili lake, kama barua. Lina mistari iliyobadilika, jina la mwandishi, tarehe na sababu. Kisha yaingize huku kwa mpangilio uleule."

"Si ninakili tu kwa mkono?"

"Mwakani mtu akiuliza nani kaandika haya na kwa nini, utamjibu nini?"

Hirut alifanya hivyo. La kwanza likagoma.

"Folda hazifanani," alisema Gashe Worku. "Itajie kompyuta folda ya huku."

Yakaingia yote matatu. Hirut alikagua historia: yameongezeka matatu tu. Akatafuta majina ya wagonjwa. Hakuna hata moja. Akajaribu tarehe za Pagumen, na watoto wote kumi na tisa wakatokea. Ndipo akaituma programu kwa zahanati, akaomba kahawa.

Asubuhi iliyofuata yeye na mama yake walikwenda zahanati kushuhudia. Muuguzi alisoma jina la kwanza kwenye orodha. Mtoto akachomwa sindano, akalia kwa nguvu. Hirut hakuwahi kufurahia kilio namna ile. Watoto wote kumi na tisa wangeingia mwaka mpya wakiwa wamechanjwa.

Mama Askale akapiga vigelegele palepale kwenye foleni. Muuguzi akamwomba anyamaze. Hakunyamaza.