Vikuku Visivyouma

Sogeeni, sogeeni karibu. Leo tunapanda farasi!

Aika anakaa Siha, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Baba yake anafuga farasi. Farasi mdogo kuliko wote anaitwa Ndizi, kwa sababu rangi yake ni ya njano. Si kwa sababu analiwa!

Asubuhi moja Mama alimimina mtori wa moto, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye chupa. Shangazi Ndeshi alikuwa amejifungua. Anakaa juu kule, karibu na msitu, na gari halifiki.

"Aika, leo utapanda Ndizi," Baba alisema. "Tunampelekea Shangazi mtori. Tukamwone na mtoto."

Aika akaruka kwa furaha. Alipotua chini, akauma meno. Ai!

Miguu yake ilikuwa inauma. Jana alivaa viatu vipya kutwa nzima. Vilimbana, lakini kuvivua? Thubutu! Sasa nyayo zake zilikuwa na malengelenge.

"Vipi, mwanangu? Miguu inauma?" Baba aliuliza.

Aika akaogopa. Akisema inauma, ataachwa nyumbani. Akiachwa nyumbani, hatamwona mtoto. Basi akasema:

"Haiumi, haiumi!
Miguu yangu haiumi!"

Kumbe inauma hiyo!

Aika alivaa raba zake kuukuu. Baba akambeba, akamkalisha mgongoni mwa Ndizi. Miguu ikaingia kwenye vikuku.

Vikuku ni vile vyuma viwili vya kukanyagia. Kimoja huku, kimoja kule. Vya Ndizi vilikuwa vyembamba, vyembamba kama kidole.

Baba naye akapanda farasi wake, akatangulia. Kata-kata, kata-kata, Ndizi akaanza kutembea. Na kila hatua, chuma kilimfinya Aika palepale penye lengelenge. Ai! Ai! Ai!

Baba akageuka. "Mbona umekunja uso?"

"Haiumi, haiumi!
Miguu yangu haiumi!"

Kumbe inauma hiyo!

Baba alipotazama mbele, Aika akachomoa miguu yake polepole. Akaiacha ining'inie. Aaah, raha!

Lakini mbele yao palikuwa na mtaro. Ndizi akauruka. Hop!

Aika akateleza upande. Teleee! Akashika nywele za Ndizi kwa mikono miwili. Ndizi akasimama, hakutikisika hata kidogo. Farasi mwema huyo.

Baba akashuka mbio, akamdaka. "Aika! Mbona miguu yako iko nje ya vikuku?"

Midomo ya Aika ikatetemeka. Machozi yakamtoka.

"Inauma, Baba. Inauma sana. Usiniache nyumbani!"

Baba akamkumbatia. "Nani kasema nakuacha? Kinachokufinya ni kikuku. Kikuku tunabadilisha."

"Tunabadilisha?"

"Tunabadilisha. Ila mimi siwezi kujua mpaka useme."

Aika akashusha pumzi. Fyuuuu! Pumzi ndefu hiyo! Ndizi naye akashusha yake. Prrrrr!

Wakarudi bandani. Ukutani palining'inia vikuku vya kila aina.

Baba akachukua vikuku vyake vingine. Vilikuwa vikubwa! Aika akatia mguu. Chwii! Mguu ukapita mpaka ng'ambo.

"Hapana," Baba alisema. "Mguu ukikwama humu, ni hatari."

Akachukua vikuku vya kitoto. Aika akatia mguu. Kwi! Haukuingia hata nusu.

"Hapana," alisema Aika. "Inauma!"

"Hapo sawa," Baba alisema. "Sema hivyohivyo."

Pembeni kulikuwa na vikuku vya mbao. Vipana, vipana kama mwiko wa ugali. Aika akatia mguu. Baba akapitisha kidole huku, akapitisha kidole kule. Mguu haukubanwa. Mguu haukukwama.

"Je, hivi?"

Aika akafikiri. "Vipana vizuri. Lakini vigumu."

Baba akakuna kichwa. Kisha akatazama nyuma ya mlango. Palikuwa na makatambuga yake ya zamani, vile viatu vya matairi. Mama alishayatupa. Baba akayaokota. Mama akayatupa tena. Baba akayaokota tena!

Baba akayashika. Akayatazama kwa huruma. Akachukua kisu.

Kwaru-kwaru, akakata vipande viwili vya mpira. Ko-ko-ko, akavipigilia juu ya vikuku. Kimoja huku, kimoja kule.

"Hatimaye yamepata kazi!" alicheka Mama.

Baba akavifunga kwenye tandiko la Ndizi, akarefusha mikanda kidogo, magoti yasikunjike sana. Aika akapanda. Akakanyaga. Laini! Hapakuwa na chuma cha kumfinya tena.

Kata-kata, kata-kata, wakapita mtaroni. Hop! Miguu ikatulia palepale.

"Miguu vipi?" Baba aliuliza.

"Kidole kidogo kinauma kidogo," alisema Aika.

Wakasimama. Baba akalegeza kamba za raba. Wakaendelea, kata-kata, kata-kata.

"Na sasa?"

"Haiumi, haiumi!
Miguu yangu haiumi!"

Na safari hii ilikuwa kweli!

Jioni wakafika. "Hodi! Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba! Karibuni, karibuni!"

Shangazi akanywa mtori wote, bakuli kavu. Baba akaosha miguu ya Aika kwa maji ya uvuguvugu. Kisha Aika akapanda kitandani, na Shangazi akamlaza mtoto kando yake.

Mtoto alikuwa mdogo, mwekundu, amekunja ngumi. Aika akagusa unyayo wake kwa kidole kimoja. Ulikuwa laini kabisa.

"Mdogo wangu, sikiliza," alimnong'oneza. "Siku ukivaa viatu vikakubana, usinyamaze. Sema!"

Mtoto akafumbua macho. Akafungua mdomo.

"Ngaaa! NGAAAA!"

Shangazi akacheka mpaka akashika tumbo. "Huyu? Huyu hanyamazi!"

Mtoto akanyonya, akashiba, akalala. Aika akanyoosha miguu chini ya blanketi, akalala.

Nawe nyoosha miguu yako. Inauma? Niambie. Haiumi? Basi, lala salama.